"Tutakuwa Makini Zaidi" Si Funzo

Ripoti za kazi iliyoharibika zina sentensi moja isiyokosekana. Malipo yamekwenda mara mbili kwa mzabuni mmoja, mradi umechelewa miezi minne, mgonjwa kapewa dozi isiyo yake, mteja mkubwa kahama bila kuaga: mwishoni utakuta "wahusika wamekumbushwa kuwa makini zaidi". Kisha mwenyekiti anafunga kikao kwa methali, yaliyopita si ndwele tugange yajayo, na watu wanakwenda kunywa chai.

Methali hiyo inaonewa. Ndwele ni maradhi na kuganga ni kutibu. Inafaa sana kupatanisha ndugu waliokosana, ambao wakianza kuhesabiana makosa hawatamaliza. Kazini mambo ni mengine. Yajayo hayagangiki kama ya jana hayakupimwa, kwa kuwa kilichoharibu jana bado kipo palepale: kwenye fomu, kwenye ratiba, kwenye kitufe kilichowekwa mahali pabaya. Agizo la kuwa makini halikigusi. Funzo ni badiliko katika namna kazi inavyofanyika, badiliko ambalo mtu wa nje anaweza kulikagua kesho asubuhi bila kumuuliza yeyote ana nia gani moyoni.

Tumezoea pia kusema kushindwa ni mwalimu. Mwaka 2019 watafiti Lauren Eskreis-Winkler na Ayelet Fishbach walichapisha majaribio yaliyoupima usemi huo. Washiriki walipewa maswali yenye majibu mawili tu ya kuchagua. Ukiambiwa umepata, jibu unalijua. Ukiambiwa umekosa, unalijua vilevile, maana limebaki moja. Taarifa ni ileile. Hata hivyo walipopimwa tena, walioambiwa wamekosa walikuwa wamejifunza kidogo kuliko walioambiwa wamepata. Walipopewa nafasi ya kumtazama mtu mwingine akikosa, walijifunza vizuri tu. Maelezo ya watafiti ni kwamba kosa letu linagusa nafsi, na nafsi ikiguswa akili hufumba macho.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Aliyekosea ndiye mwenye taarifa nyingi kuliko wote kuhusu kosa, na ndiye anayeumia zaidi kuzitazama. Kumwambia ajitafakari ni kumpa kazi ambayo maumbile yanamkataza. Anachohitaji ni utaratibu unaomsaidia kutazama, na utaratibu huo uanze mapema kabla kumbukumbu haijaharibika.

Kumbukumbu huharibika haraka kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliwapa watu kisa cha vita vya karne ya 19 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepali. Kila kundi liliambiwa mwisho tofauti, na kila kundi likaona mwisho lililoambiwa ulikuwa unatabirika tangu mwanzo. Ndiyo maana baada ya mradi kuanguka kila mtu hugeuka nabii. "Mimi nilijua." Hakujua. Alichokuwa nacho ni shaka moja kati ya shaka kumi, na tisa zilizobaki amezisahau kwa kuwa hazikutokea.

Kwa hiyo, ndani ya saa 24 kila aliyehusika aandike ukurasa mmoja, peke yake, kabla ya kuzungumza na wenzake. Watu wakishaongea, simulizi zao huchanganyika na kuwa moja, na tofauti zilizokuwa na maana hupotea. Ukurasa uwe na safu nne: saa, kilichotokea, nilichokuwa nakijua wakati ule, nilichoamua na sababu yake. Safu ya tatu ndiyo ya thamani na ndiyo inayorukwa. Mtu huandika "saa 8:40 niliidhinisha malipo" akaishia hapo, wakati kinachotakiwa ni kwamba saa 8:40 skrini ilimwonyesha jina la mzabuni na kiasi, bila tarehe ya malipo ya mwisho. Barua pepe, picha za skrini na kumbukumbu za mfumo ziambatanishwe siku hiyohiyo, kwani mifumo mingine hujifuta yenyewe baada ya siku chache.

Kikao kifuate kati ya siku ya pili na ya tano. Kikiwahi zaidi watu bado wana hasira, kikichelewa wameshapanga utetezi. Watu wanne hadi wanane wanatosha, kwa dakika 90. Mwezeshaji asiwe mkuu wa yeyote aliyehusika, na mkuu akiwapo azungumze mwisho. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini mkuu akifungua kikao kwa kusema anavyodhani, kikao kimeisha; kilichobaki ni watu kumkubalia kwa maneno tofauti.

Jeshi la Marekani lina utaratibu wa tathmini baada ya zoezi wenye maswali manne: tulikusudia nini kitokee, kilitokea nini, kwa nini pakawa na tofauti, tudumishe nini na turekebishe nini. Muda hugawanywa kwa kukadiria: robo kwa swali la kwanza na la pili, robo kwa la tatu, nusu nzima kwa la mwisho. Vikao vingi vya ofisini hufanya kinyume. Dakika 80 zinakwisha kwenye kubishania nani alisema nini, mapendekezo yanaandikwa mlangoni watu wakiwa wamesimama. Tena wengi huanza na "kwa nini" kabla ya kukubaliana "nini". Ukiona wawili wanabishana sababu kwa nguvu, mara nyingi wanaeleza matukio mawili tofauti.

Namna ya kuuliza ina uzito. "Kwa nini hukukagua?" ni mashtaka yaliyovaa alama ya kuuliza, na jibu lake ni utetezi. "Wakati ule ulikuwa unaona nini, na kilionekanaje kuwa sawa?" huleta habari. Mtu mwenye akili timamu hafanyi jambo analoliona ni upuuzi. Alipolifanya lilimwingia akilini, na kazi ya kikao ni kujua liliingiaje.

Toyota ilieneza mbinu ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Ni mbinu nzuri kiwandani, penye mashine. Penye watu huwa na tabia ya kuishia kwa mtu. Malipo yalikwenda mara mbili. Kwa nini? Karani aliingiza ankara ileile mara mbili. Kwa nini? Hakuangalia. Mchawi kapatikana, tuandike ripoti. Mnyororo mmoja haujawahi kutosha. Gawa maswali katika matawi matatu. Nini kilisababisha kosa: ankara ilifika kwa barua pepe, kisha ikafika tena kwa karatasi, na hakuna alama iliyoonyesha kuwa ni ileile. Nini kiliruhusu lipite: mfumo unakubali namba moja ya ankara mara mbili, na mwidhinishaji alikuwa na ankara 60 za kupitisha saa mbili kabla ya kufunga hesabu za mwezi. Nini kilichelewesha kugundulika: taarifa ya benki hulinganishwa na daftari mwisho wa mwezi tu. Sasa una mambo manne ya kushughulikia, na hakuna hata moja linaloitwa uzembe.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wa ndege za kivita za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa bado inakimbia ardhini wanakunja magurudumu na kuibwaga kwa tumbo. Taarifa ziliandika kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliingia ndani ya ndege akatazama. Swichi ya magurudumu na swichi ya flapu, zile bapa za nyuma ya bawa ambazo rubani hutakiwa kuzirudisha baada ya kutua, zilikaa kando kwa kando na zilifanana. Suluhisho lake lilikuwa kubandika kijigurudumu cha mpira kwenye moja na kitu chenye umbo la kabari kwenye nyingine, ili mkono ujue bila jicho. Hakuna mafunzo yaliyohitajika. Hadi leo mshikio wa magurudumu katika ndege za abiria una umbo la gurudumu.

Linganisha dawa hiyo na "wahusika wamekumbushwa". Kitengo cha usalama wa wagonjwa katika hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani kilipanga hatua za kurekebisha katika ngazi tatu kwa kadiri ya nguvu zake, na mpangilio huo unafaa kazi yoyote. Chini kabisa ni mafunzo, waraka mpya, kibandiko cha onyo, na kumwongeza mtu wa pili wa kukagua. Zote hutegemea mtu kukumbuka akiwa amechoka. Katikati ni orodha za ukaguzi, kupunguza mzigo wa kazi, kuondoa vitu vinavyofanana. Juu ni hatua zinazofanya kosa lisiwezekane au liwe gumu mno. Mashine nyingi za kutolea pesa hurudisha kadi kwanza ndipo zitoe noti, kwa sababu mtu akishashika pesa kilichomleta kimekwisha na kadi huiacha. Mfumo unaokataa namba ya ankara iliyokwishalipwa uko ngazi hiyohiyo, na kuutengeneza huenda kukahitaji siku moja ya fundi wa programu. Wakuu wengi huchagua ngazi ya chini kwa sababu waraka hauna gharama. Gharama ipo, ila hulipwa na atakayekosea mara ya pili.

Ngazi ya kati isidharauliwe. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji tofauti, kuanzia Toronto na London hadi Manila na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Ukaguzi huo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kupasua, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Wanaoiga huichukua karatasi na kuiacha sauti. Orodha inayojazwa na mtu mmoja mwisho wa siku, tiki zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ni pambo la faili.

Mapendekezo yawe mawili au matatu. Ripoti yenye mapendekezo 20 imeandikwa ili isitekelezwe. Kila moja liwe na jina la mtu mmoja (idara haina mikono), tarehe, na jaribio la kuthibitisha lililoandikwa tangu siku hiyo. Jaribio si "mafunzo yamefanyika". Jaribio ni kukaa siku ya 30, kuingiza ankara iliyokwishalipwa kwa makusudi na kuona kama mfumo unaikataa. Rudia siku ya 90, maana hatua nyingi hufa kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, pale mtu aliyezisimamia anapohamishwa.

Kuna kosa jingine la uchambuzi ambalo hata wataalamu huangukia: kuchunguza siku mbaya peke yake. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol walipendekeza chombo cha anga Challenger kisirushwe asubuhi yake kwa sababu ya baridi. Waliihofia mipira inayoziba maungio ya roketi. Ushahidi uliojadiliwa ulikuwa wa safari zilizoonyesha hitilafu, na hitilafu zilikuwa zimetokea siku ya baridi na siku ya joto pia, hivyo uhusiano haukuonekana. Safari ambazo hazikuwa na tatizo ziliachwa nje ya hesabu. Tume iliyochunguza baadaye ilizirudisha, picha ikabadilika kabisa: kati ya safari 20 zilizorushwa kwenye nyuzi 66 za Fahrenheit au zaidi (karibu 19 za Selsiasi), tatu tu zilionyesha hitilafu, safari zote nne za nyuzi 63 au chini yake zilionyesha. Asubuhi ile palikuwa na nyuzi 36, yaani mbili za Selsiasi. Chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa.

Kwa hiyo ukichunguza ni kwa nini zabuni tatu zimekataliwa, weka mezani na zile zilizokubaliwa. Ukiona zilizokataliwa zote ziliwasilishwa siku ya mwisho, usishangilie kabla hujaangalia kama zilizokubaliwa nazo ziliwasilishwa siku ya mwisho.

Challenger ina funzo la pili, chungu zaidi. Mipira ile ilikuwa imeharibika katika safari za awali, na kwa kuwa chombo kilirudi salama, kila kurudi kulihesabiwa kuwa ushahidi kwamba hali inavumilika. Tarehe 1 Februari 2003 chombo kingine cha anga, Columbia, kiliangamia na watu saba wengine. Kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi kikapiga bawa, na povu kubanduka lilikuwa jambo lililozoeleka kwa miaka. Kunusurika chupuchupu kunafanana mno na kufaulu, na ndiyo maana hakuandikwi popote. Ukitaka kujifunza kwa bei nafuu, chunguza mara ambazo ulikaribia kuharibu: barua iliyokaribia kwenda kwa mteja asiye wake, faili lililofutwa likaokolewa na nakala ya jana.

Usafiri wa anga ulilipa ghali kulijua hilo. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA namba 514 iligonga mlima huko Virginia ikielekea kutua, wakafa wote 92. Wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine walikuwa wameshuka mapema vivyo hivyo kwenye njia ileile wakanusurika. Shirika lao liliwatahadharisha marubani wake, lakini habari haikufika TWA. Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha mfumo wa taarifa za usalama wa anga, na ikafanya jambo la busara: mfumo ukaendeshwa na NASA, isiyo na mamlaka ya kumwadhibu rubani, badala ya mamlaka ya anga yenye uwezo huo. Majina huondolewa. Rubani akitoa taarifa ndani ya siku 10 hupata kinga dhidi ya adhabu kwa ukiukaji usio wa makusudi. Ajali na uhalifu havimo. Ofisi yoyote inaweza kuiga kanuni hiyo hata kwa watu 15: anayepokea taarifa za makosa asiwe anayeshika kiboko.

Mkiianza, jiandaeni kwa takwimu kupanda. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alipima makosa ya dawa katika timu za wodini akitarajia timu bora ziwe na makosa machache, akakuta ndizo zenye mengi yaliyoandikwa. Tafsiri yake ni kwamba timu hizo zilithubutu kusema. Meneja anayepewa bonasi kwa sababu makosa yaliyoripotiwa yamepungua analipwa kwa ukimya.

Je, basi kila mtu asamehewe? La, na hapa watetezi wa "utamaduni usio na lawama" huteleza. Kuna kipimo kinachohusishwa na James Reason, mtafiti wa makosa ya binadamu: mchukue mtu mwingine mwenye ujuzi uleule, mweke palepale na taarifa zilezile. Angefanya vilevile? Kama ndiyo, kumwadhibu wa kwanza ni kumtoa kafara. Kama hapana, uliza kama alikosa mafunzo, au alikuwa akikiuka kanuni kwa mazoea ambayo wakuu waliyafumbia macho, au alijua hatari akaipuuza. Huyo wa mwisho ana kesi ya kujibu, tena ndiye adimu kuliko wote.

Anayefanya kazi peke yake hana kikao, kwa hiyo inambidi aandike kabla. Kila uamuzi mkubwa upewe mistari mitano siku unapofanywa: nimeamua nini, ninatarajia nini kitokee, nina uhakika wa asilimia ngapi, nini kingenibadilisha mawazo, nitakagua tarehe gani. Bila mistari hiyo utapima uamuzi kwa matokeo yake, na matokeo yana bahati ndani yake. Uamuzi mzuri huweza kuzaa hasara, na wa hovyo ukazaa faida. Huo wa pili ndio hatari, kwa kuwa hakuna atakayeuchunguza.

Usibadilishe kila kitu baada ya tukio moja. Kukosa kazi kwenye usaili mmoja hakusemi kitu. Tuma maombi 15, kisha tazama unaangukia wapi. Huitwi kabisa? Tatizo liko kwenye wasifu wako au unaomba nafasi zisizo zako. Unaitwa na kuishia hatua ya kwanza? Ni namna unavyojieleza. Unafika hatua ya mwisho mara tatu unaachwa? Huenda hakuna cha kurekebisha, mmebaki wawili na mmoja lazima aondoke.

Na kwenye usaili huohuo swali litakuja: tueleze kosa ulilowahi kufanya kazini. Wengi hujibu kwamba kosa lao ni kujituma kupita kiasi, na wasaili wameshalisikia jibu hilo mara tatu tangu asubuhi. Sema kosa halisi kwa sentensi mbili, taja lilichogharimu kwa tarakimu, kisha eleza kwa kirefu ulichobadilisha: hatua ya kunakili kwa mkono iliondolewa, ulinganisho na benki ukawa wa kila Ijumaa, na tangu lini. Msaili anayeijua kazi atakuuliza ulithibitishaje kwamba mabadiliko hayo yanafanya kazi. Uwe na tarehe.